Kufuli la Kwanza

Tulikuwa watu thelathini na mmoja
na mabehewa tisa yasiyokwenda popote.
Reli ilishaliwa na chumvi tangu zamani za bibi,
na sisi tuliozaliwa baada ya miji kuzimika
tulidhani behewa ni aina ya nyumba.

Chumvi ilikuwa adui.
Ilipasua visigino, ilikausha chuchu za lama,
iliingia jichoni mwa mtoto kabla hajajua kulia.
Ukitaka kumtukana mtu ulimwambia:
huna faida, kama sakafu.
Sakafu yetu ilikuwa hiyo chumvi,
toka mlangoni hadi macho yanapoishia,
bapa, nyeupe, haina hata kivuli cha kuazima.
Watoto walifumba macho wakakimbia asubuhi nzima.
Hapakuwa na cha kujikwaa.

Mwezi wa baridi kali Nicanor Choque
alishuka mbio kutoka juu ya tangi,
akasema ameona nukta.
Nukta ikawa mstari,
mstari ukawa nyumbu arobaini
na watu wenye harufu tusiyokuwa na jina lake.
Baadaye tulifundishwa: samaki.

Walitoka pwani, ng'ambo ya milima.
Bahari imefurika, walisema, samaki wamerudi,
wanaozea mikononi mwetu.
Mkubwa wao, mwanamke aitwaye Ercilia Gastelú,
alipiga magoti, akailamba ardhi yetu, akalia.
Sisi tulicheka mpaka Saturnina akajikojolea.

Gunia moja la sakafu: kisu.
Magunia matatu: sufuria yenye mfuniko wake.
Kumi: miwani. Na mzee Fermín,
ambaye miaka saba alimjua mkewe kwa sauti,
alimtazama, akamtazama,
akasema, "Kumbe umezeeka."
Hilaria akajibu, "Rudisha miwani."

Mimi nilikabidhiwa mizani
kwa kuwa nilijua kuhesabu kupita vidole.
Visahani viwili vya shaba, na jiwe.
Jiwe lao.
Msafara wa tatu, nilipoliinua, nilihisi limenenepa.
Ercilia alinitazama. Akafungua kiganja:
ndimu, ya kijani, ina jani lake bado.
Sikuwahi kuona kitu cha rangi ile
kinachotosha mkononi.
Nikasema, "Gunia halijajaa. Ongezeni."

Kipya kinyemi.
Majira mawili tu, na tulikuwa mia nne.
Pakawa na tanuri la mikate, pakawa na mtu wa kung'oa meno,
pakawa na vijana wenye fimbo langoni,
na lango lenyewe, ambalo halikuwa na ukuta.
Sakafu ikapimwa kwa kamba:
hapa kwa akina Choque, hapa kwa wageni wa Potosí,
hapa usikanyage.
Mjukuu wa Hilaria alikimbia amefumba macho, kwa mazoea,
akarudi na jino mkononi.

Saturnina ndiye aliyenunua kufuli la kwanza.
Magunia ishirini.
Hakuwa na mlango, alikuwa na blanketi.
Akalivaa kufuli shingoni kama mkufu
na sote tukamwonea wivu,
kisha tukaanza kujiuliza
ana nini huyu.

Juzi mvua ilinyesha usiku na mchana.
Maji yakasimama juu ya chumvi, kimo cha kifundo cha mguu,
na uwanda wote ukawa kioo:
mbingu juu, mbingu chini, mabehewa yakining'inia katikati.
Kamba zote zilizama.
Watu walitoka na taa zao, wakasimama kimya,
hakuna aliyejua kwake ni wapi.
Nilidhani mtu atacheka.
Nilimngoja Saturnina.

Ndipo Nicanor akaingia majini na mti mrefu,
polepole, akipapasa chini,
akitafuta kamba yake.
Wa pili akamfuata. Wa tatu alikwenda mbio kutafuta mti.

Nilirudi ndani.
Nikaikata ndimu ya msafara wa mwisho,
nikakwangua sakafu kwa ukucha, nikanyunyiza.
Ilikuwa tamu.
Nje niliwasikia wakianza kubishana.
Nikala na ganda.